Mtoto aliyechelewa kusema: kisa kimoja cha Korogocho

Mvulana wa kisa hiki ana miaka 3 na miezi 4. Anaishi Korogocho, jijini Nairobi, upande wa mtaa unaotazamana na jalala la Dandora ng'ambo ya mto. Mimi ni afisa wa kliniki katika zahanati ya huku mtaani. Nimebadilisha mambo kadhaa ili familia isitambulike, na kwa sababu hiyo sitataja jina la mtu wala la ploti. Nimekiandika kisa hiki kwa kirefu kwa kuwa watoto wa namna yake tunawaona kila wiki, na wengi wanarudi nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi na ahadi kwamba wataongea tu wakati wao ukifika.

Aliletwa kwa ajili ya kifua. Kikohozi kilianza msimu wa mvua, kikapoa, kikarudi, na shosho yake alikuwa ameshamaliza dawa zote anazozijua, kuanzia asali na kitunguu hadi kumchua kifua kwa mafuta. Homa hakuwa nayo. Kifua kilikuwa kinabana kidogo akitoa pumzi, lakini nimonia haikuwepo. Asubuhi benchi likiwa limejaa hadi nje, mtoto kama huyo humalizwa kwa dakika chache. Kilichotufanya tumkawize ni jinsi alivyokuwa akiomba. Mamake alikuwa na ndizi mfukoni. Mtoto akamshika mkono, akauvuta hadi kwenye mfuko, akatoa sauti ya puani, akangoja. Hakusema ndizi, hakusema nipe, hakuita hata mama.

Nikamuuliza mama ana maneno mangapi.

"Anasema mama. Anasema tata akitaka maji. Na toka, akikasirika. Lakini daktari, anaelewa kila kitu. Shosho yake anasema hata babake alichelewa."

Maneno matatu kwa miaka mitatu ni machache mno. Mtoto wa miaka 2 huanza kuunganisha maneno mawili, na akifika miaka 3 hata mgeni anaweza kuelewa mengi ya anayosema. Wapo wanaochelewa kidogo na kufika salama, na shosho hakuwa anadanganya. Ila neno "alichelewa kama babake" limefunga faili nyingi mtaani humu kabla hazijafunguliwa, na babake mwenyewe alizaliwa na kulelewa ukingoni mwa jalala hilohilo.

Tukafungua kitabu cha kliniki. Mstari wa uzito ulipanda vizuri hadi miezi 9, mama aliporudi kufanya kibarua, kisha ukalala. Baada ya chanjo ya surua ya miezi 18 hakukuwa na alama nyingine yoyote, jambo la kawaida sana: chanjo zikiisha, safari za kliniki nazo huisha, na mtoto anapotea machoni pa wahudumu katika miaka ambayo ubongo wake unajengeka kwa kasi. Tulimpima urefu. Alikuwa chini ya mstari unaoonyesha udumavu.

Kabla ya kusema lolote kuhusu ubongo, mtoto asiyesema hupimwa masikio. Huyu alikuwa amewahi kutoka usaha sikio la kushoto, kwa hiyo tulimpeleka akapimwe vizuri, na ikaonekana anasikia. Tulitazama pia dalili za usonji. Alikuwa anatutazama machoni, ananyoosha kidole kuonyesha anachokitaka, na alikuwa na mchezo wake: kifuniko cha chupa kilikuwa gari. Alikiweka pembeni mwa kiti, akapiga kiti makofi mawili kama makanga, na gari likaondoka. Akapiga kofi moja, likasimama. Mtoto anayejua utaratibu huo wa barabarani na kuuigiza ana akili inayofanya kazi. Kulikuwa na kitu kinachoizuia isifike mdomoni.

Kiwango cha damu (hemoglobini) kilikuwa gramu 8.7 kwa desilita. Kwa umri wake, chini ya 11 ni upungufu. Tulipomuuliza mama kama anakula vitu visivyo chakula alicheka kwa aibu, kisha akasema ndiyo, anakula udongo, na akikemewa anaenda kulamba mlango wa mabati. Upungufu wa madini ya chuma huleta hamu hiyo. Ndipo tulipouliza baba anafanya kazi gani.

"Skrepu. Anachoma nyaya, anatoa shaba. Siku nyingine wanavunja betri za magari."

Tulipeleka damu ikapimwe madini ya risasi, au ledi kama wanavyoiita watu wa skrepu. Kipimo hicho hakipatikani zahanati ndogo kama yetu, na gharama yake ilimshinda mama, tulichanga. Majibu yalikuwa maikrogramu 17 kwa desilita ya damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kuanzia 5, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Shirika hilohilo linasema wazi kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Kilichokuwa ndani ya damu

Ledi haina kazi yoyote mwilini. Shida ni kwamba mwili huidhania kuwa kalsiamu. Huipitisha hadi kwenye ubongo, mahali ambapo sumu nyingi huzuiliwa zisiingie, na huihifadhi kwenye mifupa, ambako inaweza kukaa miongo ya miaka. Mtoto mdogo hufyonza ledi anayoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Na mtoto mdogo ndiye anayetambaa, anayechezea vumbi, anayetia kidole mdomoni kutwa nzima.

Mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na Bruce Lanphear waliunganisha takwimu za watoto 1,333 kutoka nchi kadhaa. Ledi ilipopanda kutoka 2.4 hadi 10, alama za kipimo cha akili zilipungua kwa 3.9. Kutoka 10 hadi 20 zilipungua kwa 1.9 zaidi, na kutoka 20 hadi 30 kwa 1.1. Hasara kubwa hutokea mwanzoni, wakati mtoto bado anacheza na hakuna mtu anayemwona mgonjwa. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wenzangu wanaosubiri tumbo lisokote au mtoto apate degedege ndipo wafikirie ledi.

Upungufu wa damu nao haukuwa tatizo la pembeni. Chuma na ledi hupita mlango mmoja utumboni. Mtoto asiye na chuma cha kutosha ni kama matatu yenye viti vitupu: ledi inapanda na kuketi. Zaidi ya hayo, ubongo unahitaji chuma ili kutengeneza ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva, ile inayofanya ujumbe upite haraka. Mtoto huyu alikuwa anakosa kile anachokihitaji na kupokea kile kinachomwumiza kwa sababu ileile, na ulaji wa udongo ulioletwa na upungufu wa chuma ndio uliokuwa ukimlisha ledi.

Hapa lazima nizungumzie jalala, maana hakuna anayeweza kuandika kuhusu damu ya mtoto wa Korogocho na kuliruka. Lilianza kutumika katikati ya miaka ya 1970. Likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Malori yanaendelea kumwaga. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako Gigiri katika jiji hilihili, lilitoa ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Njoroge Kimani. Watoto na vijana 328 wa umri wa miaka 2 hadi 18 walipimwa. Karibu nusu walikuwa na matatizo ya kifua, na nusu walikuwa na ledi kwenye damu kufikia au kupita kiwango kilichohesabiwa kuwa sumu wakati huo, yaani 10. Asilimia 42 ya sampuli za udongo zilikuwa na ledi karibu mara 10 ya udongo usiochafuliwa. Kipimo cha leo ni kikali zaidi ya kile cha 2007, kwa hiyo wengi waliohesabiwa wazima wakati ule, leo tungewatafutia chanzo.

Ingekuwa rahisi basi kuandika "jalala" na kufunga. Hatukufanya hivyo, kwa sababu watoto wawili wanaoishi umbali uleule kutoka jalalani wanaweza kuwa na damu tofauti kabisa. Ilibidi twende nyumbani.

Ndani ya ploti

Nilikwenda na mhamasishaji wa afya ya jamii anayesimamia nyumba zile. Yeye ndiye aliyenifungulia milango. Mimi ni afisa wa kliniki tu, yeye ni jirani yao.

Chumba ni cha futi kumi kwa kumi, kuta za mabati, sakafu ya saruji iliyopasuka. Familia ilihamia hapo baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 na bomoabomoa iliyofuata kandokando ya mito ya Nairobi. Nyumba yao ya kwanza ilikuwa karibu na mto. Walitafuta palipokuwa na kodi nafuu, na kodi ilikuwa nafuu hapo kwa sababu ambayo kila mpangaji anaijua: nyuma ya ploti kuna banda la skrepu. Mama alikumbuka bila kuulizwa kwamba kabla ya kuhama mtoto alikuwa akimwita dadake kwa jina. Baada ya kuhama aliacha.

Ujia kati ya safu mbili za nyumba ndio uwanja wa watoto. Mwisho wake kuna banda. Betri zinapasuliwa kwa panga na nyundo, asidi inamwagwa kwenye mtaro, sahani za ledi zinarundikwa juu ya gunia. Mvua ikinyesha maji hupita kwenye rundo hilo na kushuka ujiani. Jua likitoka tope linakauka na kuwa vumbi, na vumbi hilo linaingia kwenye kila mlango wa safu ile.

Mama huyu ni msafi. Nalisema hili mapema kwa sababu najua swali la kwanza ambalo wasomaji wengi watauliza. Hufagia asubuhi na jioni, vyombo vyake vinang'aa, nguo za mtoto ni safi. Alipofagia tukiwa pale, mlango ukiwa wazi na jua likipenya, tuliliona vumbi likipanda hadi kwenye kamba ya nguo na kutua polepole juu ya sufuria zilizoanikwa. Mhamasishaji akalowesha kitambaa cheupe, akakipitisha juu ya kabati la vyombo lililofutwa asubuhi hiyohiyo kwa kitambaa kikavu. Kilitoka na rangi ya majivu. Mama akakichukua, akakigeuza, akakitazama kwa muda. "Na mimi nafuta kila siku," akasema.

Ufagio mkavu hauondoi vumbi la ledi. Unalihamisha tu kutoka sakafuni hadi kwenye chakula. Dawa yake ni maji: kufuta kwa kitambaa chenye maji na kumwaga maji hayo mbali na ujia. Lakini pale ploti mtungi wa lita 20 ni shilingi 5 siku za neema na 20 mfereji ukikauka, na mfereji hukauka mara kwa mara. Ushauri wa "piga deki kila siku" una bei, na atakayeilipa ni mtu anayefulia watu nguo Kariobangi kwa malipo ya siku.

Koti la kazi la baba lilikuwa limetundikwa juu ya kitanda anacholala mtoto.

Tuliangalia pia moto. Asubuhi ni stovu ya mafuta ya taa ndani ya nyumba, jioni ni jiko la makaa mlangoni, na mvua ikinyesha jiko linaingizwa ndani. Usiku jalala hutoa moshi wake wenyewe, maana taka huungua chini kwa chini. Chembe ndogo za moshi haziishii mapafuni. Huingia kwenye damu, huamsha uvimbe mwilini, na mtoto anayekohoa usiku hali vizuri wala halali vizuri. Kikohozi kilichomleta kliniki kilikuwa sehemu ya kisa chenyewe tangu mwanzo.

Kuhusu usingizi, juu ya ploti kuna mulika mwizi, ile taa kubwa ya mlingoti. Mwanga wake unapenya kwenye nafasi za mabati usiku kucha, na karibu yake kuna baa. Nilitaka kuuandika mwanga huo miongoni mwa madhara, mama akanikataza. Kabla haujawekwa, alisema, hakuthubutu kwenda chooni usiku. Ana haki. Mama asiyeogopa ni kinga ya mtoto. Tulikubaliana kitambaa kizito kitundikwe upande wa kitanda, na taa ibaki ikiwaka.

Kutoka asubuhi hadi jioni mtoto alikuwa akiachwa kwa jirani anayelea watoto chumbani kwake. Tuliwakuta 14, wa kwanza akiwa bado ananyonya. Mwanamke huyu anawapenda. Aliwajua wote kwa majina na kwa tabia za matumbo yao. Ila mtu mmoja mwenye watoto 14 anachoweza ni kuwalisha, kuwasafisha na kuwanyamazisha. Hapati nafasi ya kumjibu kila mmoja. Lugha hukua kwa kujibiwa: mtoto anatoa sauti, mkubwa anamtazama na kumrudishia neno, mtoto anajaribu tena. Mara maelfu. Mtoto wetu alitumia saa nyingi za kutwa mahali ambapo kuwa kimya ndiko kulikosifiwa.

Tunavyolielewa tatizo lake

Nimeulizwa na mwenzangu mmoja: sasa ni nini hasa, ledi, njaa, moshi au malezi? Swali hilo lina maana maabara, lakini kwa mtoto huyu jibu ni kwamba vilikuwa vinasaidiana. Ubongo wa mtoto wa miaka 4 au 5 hutumia karibu theluthi mbili za nishati yote ya mwili uliotulia. Mwili wenye chakula kidogo, unaopambana na moshi na kuhara mara kwa mara, hauna ziada ya kuupa. Ledi inaingia kwa sababu chuma hakipo. Chuma hakipo kwa sababu chakula ni ugali na chai. Chai inanywewa pamoja na chakula, na majani ya chai huzuia chuma kisifyonzwe. Wazazi wanaoishi wakisikiliza kama tingatinga litarudi wana mshtuko wa kudumu, na mtoto huusoma mshtuko huo kwenye nyuso zao kabla hajajua neno lolote. Homoni za msongo zikibaki juu kwa miezi, zinaathiri sehemu za ubongo za kumbukumbu na utulivu.

Yote hayo yana kitu kimoja kinachoyaunganisha, nacho ni mahali. Kwenye faili tuliandika udumavu, upungufu wa damu, ledi, kuchelewa kwa lugha. Hakuna kisanduku cha kuandika kwamba kodi iliyoshuka kwa mia kadhaa ndiyo iliyomweka mtoto kwenye mdomo wa mtaro wa asidi. Naamini kisanduku hicho kinafaa kuwepo. Anwani ya mtoto iulizwe kama tunavyouliza chanjo, na iulizwe kwa undani: nyuma ya nyumba kuna nini, maji yanatoka wapi, nani anakaa naye mchana.

Tulichofanya

Dawa za kuitoa ledi mwilini kwa kawaida huanza kufikiriwa kwenye 45 na kuendelea. Kwa 17, tiba ni kuondoa chanzo na kuurudishia mwili madini yake. Tulimwanzishia dawa ya chuma. Kwenye chakula hatukuongeza kitu cha gharama. Omena, ikioshwa vizuri na kuliwa na mifupa yake, ina chuma na kalsiamu, na inauzwa kwa kikombe pale nje. Ndengu au maharagwe. Sukuma wiki pamoja na kipande cha chungwa au ndimu, maana vitamini C husaidia chuma kupita. Chai ikasogezwa mbali na mlo, saa moja au mbili. Hilo la chai ndilo lililoleta ubishi mkubwa kuliko yote, hasa kutoka kwa shosho, na lilikuwa halina gharama hata ya shilingi moja.

Tuliuliza pia kuhusu sufuria. Zile zinazosubuliwa kwenye karakana za jua kali kutokana na skrepu iliyochanganywa zimepimwa katika nchi mbalimbali na kukutwa zikitoa ledi kwenye chakula, hasa chakula chenye uchachu kama cha nyanya. Mama alikuwa nayo moja. Akaifanya ya kuchemshia maji ya kufulia.

Kwa baba tulitarajia ugumu. Alikaa kimya tulipomwonyesha majibu, kisha akauliza kama na yeye anayo. Anayo bila shaka. Tangu siku hiyo koti na viatu vya kazi vinabaki bandani, ananawa mikono na uso kabla ya kuingia, na hambebi mtoto kabla ya kubadilisha nguo. Hakuacha kazi. Sikumwambia aache, kwa sababu sina kazi nyingine ya kumpa.

Upande wa lugha, nilitegemea kazi iliyofanyika Kingston, Jamaika, kuanzia 1986. Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa maskini ya jiji lile. Baadhi yao walitembelewa na wahudumu wa afya ya jamii kila wiki, saa moja, kwa miaka 2. Mhudumu alimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto kwa vitu vya nyumbani. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa wakipata kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao ambao hawakutembelewa. Waliopewa chakula cha ziada peke yake hawakuonyesha faida hiyo ya muda mrefu. Hawakuhamishwa mtaa wala kununuliwa kompyuta. Kuna mtu aliyekuwa akija.

Mhamasishaji wetu alianza kuja. Alimfundisha mama na dadake wa miaka 9 kutaja wanachofanya wakati wanakifanya, kungoja mtoto ajibu hata kama ni kwa sauti ya puani, kisha kumrudishia neno zima. Gari la kifuniko likapewa abiria, likapewa stendi: Kariobangi, Mutindwa, mjini. Vifaa vya kuchezea vilioshwa, na vilivyookotwa bandani vilitupwa. Baadaye mlezi wa mchana naye aliomba aonyeshwe, akaanza kuwagawa watoto wawili wawili wakati wa uji ili aweze kuongea nao. Sikumwomba afanye hivyo.

Banda lilichukua muda zaidi. Mwenye banda alikuja kwenye kikao akiwa amejiandaa kwa ugomvi, na wapangaji nao hivyohivyo. Kilichobadilisha mambo ni hesabu ya mhamasishaji: watoto chini ya miaka 5 katika safu ile ni 11, na wawili kati ya wajawazito wa ploti wako karibu kujifungua. Ledi iliyo kwenye mifupa ya mama hutoka wakati wa ujauzito na kuvuka hadi kwa mtoto tumboni. Walikubaliana betri zisipasuliwe tena ndani ya ploti. Ziuzwe nzima kwa wanaozinunua kwa ajili ya viwanda. Bei yake ni ndogo kidogo. Landilodi alimwaga zege mwanzoni mwa ujia, futi chache tu, na kuahidi kumalizia. Udongo wa mtaroni bado uko palepale.

Baada ya miezi kadhaa damu ilikuwa imefika 10.6. Ledi ilishuka hadi 12, na itashuka polepole, maana mifupa inaendelea kuirudisha kwenye damu. Kikohozi kimepungua, hakijaisha. Mtoto ana maneno zaidi ya 60, ambayo dadake ameyaandika kwenye daftari, na ameanza kuyaunganisha: "gari enda," "mama kuja," "sitaki hiyo." Kwa umri wake bado yuko nyuma. Kuna sehemu ya alichopoteza ambayo haitarudi, na mama anajua, kwa sababu aliniuliza na nikamjibu.

Mwaka ujao anaingia PP1, darasa la kwanza la chekechea. Shule iliyo karibu ina madarasa mawili ya mabati yaliyo ukingoni mwa barabara na mengine nyuma. Nimemshauri mama aombe la nyuma. Jijini New York mwaka 1975 Arline Bronzaft na mwenzake walionyesha kwamba wanafunzi wa darasa la sita wa upande wa reli katika shule moja walikuwa nyuma kwa karibu mwaka mzima katika kusoma, wakilinganishwa na wenzao wa upande wa kimya wa jengo lilelile. Reli ikapunguzwa kelele, madarasa yakawekwa vizuia sauti, na alipopima tena tofauti ilikuwa imetoweka. Mtoto ambaye lugha yake imechelewa hawezi kumudu kukosa nusu ya anachosema mwalimu.

Kilicho juu ya uwezo wa ploti

Kitambaa chenye maji, omena na koti lililoachwa bandani vimeshusha ledi ya mtoto mmoja kwa vipimo 5. Kufikia Januari 2006 Kenya na nchi nyingine za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha petroli yenye ledi, na uamuzi huo ulipunguza sumu kwa kila mtoto anayeishi kando ya barabara bila mama yeyote kupiga deki. Nataka uamuzi wa ukubwa huo kwa Dandora. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 70 inamruhusu mtu kwenda kortini bila kulazimika kuthibitisha kwamba ameshadhurika. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jalala lifungwe ndani ya miezi 6. Mtoto wa kisa hiki alizaliwa baada ya muda huo kupita, na moshi ulikuwa ukimngoja.

Kufungwa kwa jalala kukingojewa, kuna kazi ambayo haihitaji kuhamisha hata tani moja ya taka. Kipimo cha ledi kiwepo katika hospitali za umma zinazohudumia mitaa hii, na kisitozwe pesa kwa mtoto mwenye upungufu wa damu anayekula udongo. Urefu na lugha vipimwe baada ya miezi 18, hata kama mhamasishaji ndiye atakayevipima mlangoni. Ujia wa ploti uwekwe zege kabla ya kuta kupakwa rangi za kampeni.

Kati ya watoto 11 wa safu ile tumeweza kupima watatu, huyu akiwemo, na wote watatu wamepita 5. Barua ya kuomba wale wanane waliobaki wapimwe iko katika ofisi ya afya ya kaunti ndogo. Ina sahihi za wazazi wote wa ploti, na ya mwenye banda la skrepu pia, ambaye analea mjukuu wa miaka 2 katika nyumba ya mwisho ya safu hiyo.